Northland Center, Michigan: kuinuka na kuanguka kwa jumba la maduka la pembezoni mwa jiji. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majumba ya maduka yaliyokufa Marekani ni mengi, na kila moja lina watu wanaolikumbuka. Northland ina uzito wake kwa sababu ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa, ilijengwa kwa nia njema kuliko nyingi zilizoifuata, na ikafa hata hivyo. Maswali haya yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya wenye kutaka kuchimba zaidi.

## Misingi

Northland Center ilikuwa nini, na ilikuwa wapi hasa?

Lilikuwa eneo kubwa la maduka huko Southfield, jimbo la Michigan, kaskazini tu ya 8 Mile, barabara inayoligawa jiji la Detroit na vitongoji vyake vya kaskazini. Lilifunguliwa tarehe 22 Machi 1954, na ujenzi wake uligharimu takriban dola milioni 30. Katikati lilisimama tawi la ghorofa la duka la Hudson's. Kulizunguka kulikuwa na majengo ya chini yenye maduka madogo kwa makumi, na nje ya hapo maegesho ya maelfu ya magari.

Lilifungwa mwaka 2015, likiwa limeishi miaka 61.

Hudson's ni akina nani, na kwa nini duka la katikati ya jiji lilikwenda kujenga nje ya jiji?

J.L. Hudson Company ilianza Detroit mwaka 1881. Duka lake la Woodward Avenue lilikuwa jengo refu lililokuwa na kila kitu chini ya paa moja: nguo, samani, vyombo, vito, vitabu, migahawa. Kwa familia za Detroit, kwenda Hudson's ilikuwa safari ya kuvalia vizuri.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wateja walianza kuhama. Serikali kuu ilidhamini mikopo ya nyumba mpya za pembezoni, viwanda vya magari vililipa mishahara mizuri, na barabara zikapanuliwa. Mteja aliyenunua nyumba maili 12 kutoka mjini hakuwa tena na hamu ya kutafuta pa kuegesha gari Woodward. Hudson's iliona hilo mapema, ikanunua ardhi kubwa kuliko iliyohitaji kwa maduka, kisha ikaamua kumfuata mteja wake alikohamia. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa hesabu za kampuni. Kwa jiji ulikuwa mwanzo wa msiba: duka la Woodward lilifungwa Januari 1983, na jengo lake likaangushwa kwa baruti tarehe 24 Oktoba 1998.

Nani aliichora?

Victor Gruen, msanifu majengo aliyezaliwa Vienna mwaka 1903 kwa jina la Viktor Grünbaum. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1938, Wanazi walipoimeza Austria, alikimbilia New York. Alianza kwa kubuni maduka madogo ya mitaani kabla ya kufikia miradi mikubwa.

Gruen aliyachukia maduka yaliyotawanyika kando ya barabara za Marekani, kila moja na bango lake na kipande chake cha lami. Alitaka watu wa pembezoni wapate kitu kama viwanja vya mji wa Vienna: mahali pa kutembea kwa miguu, kuketi na kukutana na jirani. Kwa hiyo Northland ilipewa bustani, chemchemi, sanamu na vyumba vya mikutano ya wananchi. Malori ya mizigo yalipitishwa chini ya ardhi ili yasiwasumbue wanaotembea juu.

Je, ilikuwa imefunikwa na yenye viyoyozi, kama majumba ya leo?

Hapana. Mwanzoni ilikuwa wazi. Ulitoka duka moja, ukakatiza bustani, ukaingia jingine, na mvua au theluji ilikukuta hapo hapo. Jumba la kwanza la aina hii kufunikwa lote na kudhibitiwa hali ya hewa ni Southdale la Edina, Minnesota, lililofunguliwa Oktoba 1956. Nalo lilichorwa na Gruen. Northland yenyewe ilipewa paa katikati ya miaka ya 1970, ilipobidi ishindane na majumba mapya yaliyofunikwa.

Kwa maoni yangu paa hilo liliondoa kilichokuwa bora zaidi. Zile bustani ndizo zilizoitofautisha Northland. Zilipogeuzwa korido, ikawa jumba kama mengine, tena kongwe kuliko wapinzani wake.

Ndiyo ya kwanza Marekani?

Siyo. Kulikuwa na vituo vya maduka vya kupangwa kabla yake, kwa mfano Country Club Plaza ya Kansas City kutoka miaka ya 1920, na Northgate ya Seattle ya mwaka 1950. Northland inakumbukwa kwa ukubwa na kwa mpangilio wake, na kwa kuwa iliwaonyesha wenye fedha kwamba mradi wa namna hii unalipa.

## Miaka ya neema

Watu walikuwa wanakwenda kufanya nini zaidi ya kununua?

Kila kitu ambacho mtaa wao haukuwa nacho. Vitongoji vipya vilijengwa kama safu za nyumba tu, bila soko, bila kiwanja, bila baraza ya kukaa wazee. Northland ikawa ndiyo mjini kwao. Watoto walipelekwa kuona mapambo ya Krismasi, vijana walikwenda kuonana, vikundi vya wananchi vilikutana humo, na wazee walitembea kwa ajili ya afya.

Wale wanaosema majumba haya yalikuwa ulafi mtupu hawajawasikiliza waliokulia humo. Mapenzi yao kwa Northland ni ya kweli. Kasoro ni kwamba kiwanja kile cha jamii kilikuwa mali ya kampuni, na kampuni inaweza kukifunga.

Southfield ilipata nini?

Mwaka 1954 Southfield haikuwa hata mji kisheria. Ilipata hadhi hiyo mwaka 1958. Kodi ya majengo ya Northland na ya maofisi yaliyoota kuizunguka iliijenga hazina ya mji mpya. Hospitali kubwa ilijengwa jirani katika miaka ya 1960. Katika hili Gruen alifaulu kwa sehemu, kwani alitaka maduka yavute ofisi, nyumba na zahanati. Zilikuja kweli, lakini kila moja ilikaa kivyake, na kutoka moja hadi nyingine ulihitaji gari.

Jumba la maduka linaingizaje fedha? Si kila duka linalipa kodi ya pango sawa?

Hapa ndipo wengi hukosea, na bila kulielewa jambo hili huwezi kuelewa kwa nini majumba haya hufa ghafla.

Kila jumba lina wapangaji wakuu, yaani maduka makubwa ambayo watu hufunga safari kwa ajili yake. Hao hulipa pango dogo sana kwa ukubwa wa eneo wanalokalia, au hawalipi kabisa kwa kuwa wanalimiliki jengo lao na ardhi iliyo chini yake. Kazi yao ni kuleta watu. Anayelipa kwa uchungu ni yule mwenye duka dogo la viatu au la kadi, aliye njiani kati ya mpangaji mkuu mmoja na mwingine. Analipa pango kubwa kwa kila futi ya mraba, anachangia usafi, ulinzi na matangazo, na mara nyingi hukatwa asilimia ya mauzo yakivuka kiwango fulani.

Kwa hiyo fedha za jumba hutoka kwa wadogo, na wadogo wapo kwa ajili ya wapita njia walioletwa na wakubwa. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, hukatika wote.

## Kuporomoka

Ilianza kushuka lini?

Hakuna siku moja. Dalili za mwanzo ni wapinzani. Oakland Mall ilifunguliwa Troy mwaka 1968, Fairlane Town Center huko Dearborn mwaka 1976, Twelve Oaks huko Novi mwaka 1977. Somerset ya Troy ilianza mwaka 1969 na kupanuliwa sana mwaka 1996, ikavuta wateja wenye fedha. Great Lakes Crossing ya Auburn Hills ikaja mwaka 1998.

Ukiyatazama majina hayo kwenye ramani, mengi yapo mbali zaidi na Detroit kuliko Northland. Nyumba mpya zilisogea nje, maduka yakazifuata, na Northland ikabaki kati ya jiji lililokuwa linapungua na vitongoji vilivyokuwa vinakimbia. Detroit ilikuwa na watu 1,849,568 mwaka 1950. Sensa ya 2010 ilihesabu 713,777. Eneo zima la jiji na vitongoji halikuongezeka watu kwa kasi ya kuyabeba maduka yote hayo. Mteja yule yule aligawanywa mara nyingi zaidi.

Ni intaneti iliyoiua, sivyo?

Hili ndilo jibu rahisi, na kwa Northland si sahihi. JCPenney, mmoja wa wapangaji wakuu, iliondoka mwaka 2000. Wakati huo ununuzi wa mtandaoni ulikuwa karibu asilimia 1 tu ya mauzo ya rejareja Marekani. Hata mwaka 2015, jumba lilipofungwa, ulikuwa takriban asilimia 7. Intaneti ilimkuta mgonjwa tayari yuko kitandani.

Uzito mkubwa naupa mambo mawili: ujenzi wa kupita kiasi, na kumezana kwa kampuni za maduka makubwa. Hudson's iliungana na Dayton's ya Minneapolis mwaka 1969. Matawi ya Hudson's yakaitwa Marshall Field's mwaka 2001, kisha Macy's mwaka 2006. Kwa Detroit jina la Hudson's lilikuwa kama jina la ukoo. Mkuu wa kampuni aliyekaa mji wa mbali hakuwa na sababu ya kulihurumia tawi la zamani lenye mauzo madogo.

Sheria za serikali zilichangia?

Ndiyo, kwa njia ambayo wengi hawaijui. Sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 1954 iliruhusu wenye majengo mapya ya biashara kuhesabu uchakavu kwa kasi katika miaka ya mwanzo, hivyo faida yao kwenye vitabu ikaonekana ndogo na kodi ikapungua. Mwekezaji alipata nafuu kubwa kwa kujenga jipya, akaliuza nafuu ilipopungua, akaenda kujenga jingine. Kukarabati la zamani hakukuwa na mvuto huo. Ukiongeza sheria ya barabara kuu za kitaifa ya mwaka 1956, unapata serikali iliyolipia kwa mkono mmoja barabara za kwenda mbali na kwa mwingine majumba ya kuwapokea watu huko.

Wanaosema «mtaa uliharibika» wana maana gani?

Mara nyingi wana maana kwamba Waamerika Weusi walihamia. Tuseme wazi. Kwa miongo kadhaa 8 Mile ilikuwa mpaka wa rangi. Mikopo ile ya nyumba iliyotajwa juu ilinyimwa Weusi kwa utaratibu rasmi, na vitongoji vingi viliwafungia mlango. Milango ilipofunguka, familia nyingi Nyeusi za kipato cha kati zilihamia Southfield. Kufikia sensa ya 2000 walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi, na mwaka 2010 takriban asilimia 70.

Southfield haikugeuka mji wa mafukara. Ilibaki na walimu, wauguzi, wahandisi na wafanyakazi wa viwanda vya magari, wenye nyumba zao na fedha ya kutumia. Wenye maduka waliondoka hata hivyo, wakafuata wateja Weupe zaidi kaskazini na magharibi. Hesabu za fedha peke yake hazitoshi kuueleza uamuzi huo, na anayesimulia kifo cha Northland bila kuitaja rangi anaruka sura nzima.

Kwa nini mpangaji mkuu mmoja akiondoka, maduka mengine hufunga haraka hivyo?

Soma kwanza jibu kuhusu jinsi jumba linavyoingiza fedha. Juu ya hayo, mikataba ya wapangaji wadogo wa makampuni huwa na kipengele kinachosema kwamba duka kubwa fulani likifungwa, mpangaji ana haki ya kulipa pango pungufu au kuvunja mkataba. Mwenye jumba hupoteza wateja na mapato kwa mpigo mmoja. Akipunguza gharama, taa zinafifia, paa linavuja, walinzi wanapungua, na wateja waliobaki nao wanaacha kuja.

Mwisho wenyewe ulikuwaje?

Mwaka 2008 jumba lilikuwa limeshanunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya New York. Mkopo ukashindwa kulipwa, na mwaka 2014 mahakama ikateua msimamizi wa kuliendesha. Mwanzoni mwa mwaka huo huo kijana mmoja alifariki baada ya kudhibitiwa na walinzi ndani ya jumba. Kifo hicho kiliwaumiza watu wengi, na kikaongeza huzuni juu ya mahali palipokuwa panapungukiwa na wageni.

Target ilifunga tawi lake mwanzoni mwa 2015. Target yenyewe ilizaliwa ndani ya kampuni ya Dayton, ile ile iliyoungana na Hudson's; kwa hiyo mmoja wa waliofunga virago mwishoni alikuwa wa nyumba moja na aliyeijenga. Macy's, iliyokuwa katika jengo la asili la Hudson's, ilifungwa Machi 2015. Kilichobaki ni maduka madogo, mengi ya wenyeji, ambayo pango lao halikutosha hata kulipia umeme na joto. Jumba likafungwa majira yale ya kuchipua.

## Baada ya kufungwa

Eneo hilo lilikwenda kwa nani?

Mji wa Southfield ulilinunua mwaka 2015 kwa dola milioni 2.4, bei ndogo kuliko ya nyumba moja ya kifahari katika miji mingi. Mji uliogopa kwamba mnunuzi mwingine angelikalia bila kufanya kitu, kama ilivyotokea kwingi. Ulibomoa sehemu, ukaandaa mpango mpya, na mwaka 2021 ukaliuzia kampuni ya ujenzi yenye mradi wa nyumba za kupanga, maduka na ofisi, huku jengo la Hudson's likipangiwa kuhifadhiwa na kugeuzwa makazi.

Nyumba, ofisi na maduka mahali pamoja ndicho kile Gruen alichotaka tangu mwanzo.

Kwa nini majumba mengine hukaa tupu miaka na miaka?

Kwa sababu mara nyingi hakuna mwenye jumba mmoja. Wapangaji wakuu humiliki vipande vyao, na mikataba ya zamani huwapa kura ya turufu juu ya maegesho, njia na majengo mapya. Ili kubomoa, inabidi wote wakubali, pamoja na benki zao. Ongeza gharama ya kuondoa asbesto. Southfield ilibahatika kukusanya sehemu kubwa ya ardhi mikononi mwa mmiliki mmoja.

Sanamu ya mtoto na dubu iliyokuwa Northland ilikwenda wapi?

Imeokolewa. «The Boy and Bear» ya Marshall Fredericks, mtoto wa rangi ya dhahabu juu ya mgongo wa dubu mkubwa wa jiwe, ilinunuliwa kwa ajili ya mji na kuhamishiwa maktaba ya umma ya Southfield.

Vipi majumba ndugu wa Northland?

Hudson's ilijenga pia Eastland (1957), Westland (1965) na Southland (1970), kila moja upande wake wa Detroit. Eastland ilifungwa mwaka 2021 na kubomolewa, na mahali pake pakajengwa maghala.

## Maswali ya wanaochimba zaidi

Gruen ndiye aliyebuni mbinu ya kumchanganya mteja ili anunue asichokusudia?

Mbinu hiyo imepewa jina lake, lakini yeye hakuitaka. Northland ya mwaka 1954 ilikuwa na anga juu yako na Hudson's katikati. Ilikuwa vigumu kupotea. Gruen alirudi Vienna uzeeni, na mwaka 1978, akizungumza London, aliyakana hadharani majumba ya Marekani yaliyodai kutokana na fikra zake. Alifariki mwaka 1980.

Je, haya yanaweza kutokea Nairobi au Dar es Salaam?

Sehemu yake imeshatokea. Nakumatt ilikuwa mpangaji mkuu wa majumba mengi Kenya, na ilipoporomoka mwaka 2017 wenye majumba walibaki na ukumbi mkubwa mtupu na wapangaji wadogo wanaolalamika. Thika Road Mall na Junction zilimpata Carrefour. Westgate ilimpata Shoprite, ambayo nayo ikaondoka Kenya baada ya muda mfupi. Dar es Salaam, Mlimani City iliyofunguliwa mwaka 2006 imeshuhudia Shoprite ikimwachia Nakumatt, Nakumatt ikifunga, na Game nayo ikaondoka Tanzania.

Mlimani City bado inajaa. Ipo kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mwenge ni jirani, na mtu anaweza kufika kwa daladala, bajaji au miguu. Northland ilikuwa na kituo cha mabasi pia, na wakazi wengi wa Detroit walikitumia hadi mwisho, lakini hesabu zote za jumba zilipigwa kwa mteja mwenye gari, anayeweza kuendesha dakika 15 zaidi hadi kwenye jumba jipya. Ninayemwogopea ni mwekezaji wa kwetu anayejenga jumba kando ya barabara mpya ya mzunguko, mbali na kituo cha basi, akitegemea nyumba ambazo bado hazijajengwa.

Nataka kupanga duka ndani ya jumba la maduka. Niulize nini kabla ya kusaini?

Uliza mpangaji mkuu ni nani, mkataba wake unaisha lini, na kama analipa pango kwa wakati. Omba kipengele cha kupunguziwa pango au kuondoka bila adhabu iwapo atafunga. Makampuni makubwa hukipata, na wewe unaweza kukiomba hata kama jumba ni jipya na dalali ana haraka. Uliza tozo za usafi, ulinzi na jenereta zimepanda kiasi gani katika miaka mitatu iliyopita, na nani analipia sehemu ya vyumba vitupu. Kisha nenda Jumanne asubuhi, si Jumamosi jioni. Hesabu wanaobeba mifuko, na umuulize mwenye duka la jirani amekaa hapo muda gani na nani alikuwa kwenye chumba chako kabla yako.